Rangi ya Damu ya Mzee

Gari ambalo Gabriel Mugeta alilinunua mwezi wa kwanza, kwa mwalimu mkuu mstaafu wa Guta, lilikuwa na injini nzuri na sura mbaya. Injini ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba dagaa. Lakini mwalimu yule, siku moja ya likizo, alibakiwa na rangi ya mafuta baada ya kupaka geti la nyumba yake, akaona isiharibike bure. Akachukua brashi, akalipaka gari lote. Kijani kibichi kabisa. Michirizi ya brashi ilionekana kuanzia boneti hadi buti, na kwenye milango rangi ilikuwa imechuruzika ikaganda kama nta ya mshumaa.

Watoto wa mtaani kwake, pale Bunda mjini, hawakuchelewa kulipa jina. "Geti hilo! Geti linapita!"

Gabriel alikuwa dereva wa lori. Msimu wa pamba alizoa pamba vijijini na kuipeleka kiwandani. Msimu ukiisha alifanya chochote kilichopatikana. Maisha yake yote alikuwa ameendesha magari ya watu. Hili ndilo lilikuwa la kwanza kuwa lake, na mtu wa kwanza kumpigia simu kumpa habari alikuwa dada yake Matrida, kule Butiama.

"Mungu mkubwa," Matrida alisema. Kisha akasema, "Sasa basi, mdogo wangu, njoo unichukue unipeleke Suguti."

"Suguti kuna nini, dada?"

"Kuna mama. Nikuonyeshe alipolala. Mimi hili goti haliniruhusu tena kupanda basi wala pikipiki, na mwingine anayepajua pale hayupo. Wote wamekufa. Nimebaki mimi."

Mama yao, Ghati, alifariki Gabriel akiwa bado ananyonya. Baba yao alikuwa ametangulia. Mtumbwi wake ulipinduka akitoka kisiwa cha Rukuba kuvua. Baada ya msiba wa mama, baba yao mdogo alikuja na wenzake, akasema mji ule ni wa ukoo, ng'ombe ni wa ukoo, na watoto watafutiwe pa kwenda. Matrida, msichana asiyejua hata kesho atakula nini, hakungoja kutafutiwa. Alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kanga ya marehemu, akashika njia kwa miguu mpaka kwa shangazi yao Butiama. Huko aliolewa, huko akamlea Gabriel pamoja na watoto wake mwenyewe. Gabriel hakuwa na picha ya mama yake. Hakujua alikuwa mweusi au maji ya kunde, mpole au mkali. Hata alipoulizwa shuleni jina la mama, mara nyingi alijikuta anaandika Matrida.

"Na kuna mambo ya mama sijawahi kukwambia," Matrida aliendelea kwenye simu. "Nilikuwaga nasubiri ukue. Umekua, umeoa, nikawa nasubiri tuwe pale pale tumekaa. Siyo maneno ya simu hayo."

"Nitakuja, dada. Ila naomba nilitengeneze kwanza hili gari."

"Kumbe bovu?"

"Siyo bovu. Rangi yake tu inatia aibu."

Matrida akacheka. "Mimi si nitakaa ndani? Hiyo rangi nitaiona saa ngapi?"

Gabriel naye akacheka, lakini moyoni alikuwa ameshaamua. Katika mji ule wa Suguti sasa alikaa Mseti, mtoto wa huyo huyo baba mdogo. Gabriel aliona wazi jinsi itakavyokuwa: watoto wa Mseti wanatoka mbio kulitazama gari, wanaona geti lenye magurudumu, wanashika vinywa vyao. Yeye na dada yake walitoka pale bila kitu. Hangerudi na kichekesho.

Mkewe Ursula hakukubaliana naye. "Baba Esther, gari ni kutembea. Mpeleke dada Jumapili hii, rangi utapiga ukirudi. Rangi haikimbii."

"Wewe hukufukuzwa pale, mama Esther."

Ursula akainamia sufuria yake.

Mafundi wa kupuliza rangi aliowauliza walitaja bei ambayo ingemfanya auze gari ili alipake gari. Ila kwenye simu Gabriel alikuwa ameona video za watu wanaofanya kazi hiyo wenyewe, nyuma ya nyumba zao, na magari yao yanatoka yaking'aa kama sahani. Akasema, mimi nimefungua injini barabarani usiku na mvua, nitashindwa na rangi? Akaenda Musoma, kwenye duka moja la rangi, akamkuta muuzaji anaitwa Scholastika, mama mchangamfu mwenye kucha zilizopakwa rangi tano tofauti.

"Kama unataka ya bei ya chini, chukua rangi ya NC," Scholastika alimwambia. "Unachanganya na tina ya kuyeyushia, unapuliza, inakauka hapo hapo unaiangalia. Ila isugue vizuri ikishakauka ndiyo itang'aa. Na usiimwagie petroli, inayeyuka." Akauliza, "Chini kuna rangi gani?"

Gabriel alifungua mdomo aseme ya geti. Akaona aibu. Nyuma yake kulikuwa na wateja wawili.

"Rangi tu," akajibu. "Ya kawaida."

"Haya. Unataka ipi?"

Akachagua damu ya mzee. Ni rangi ya heshima ile. Nyekundu iliyokomaa, isiyopiga kelele.

Wiki zilizofuata alipiga msasa. Alinyoosha palipobonyea, akajaza puti, akasugua tena kwa maji mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto. Rangi ya mwalimu hakuitoa yote. Ilikuwa ngumu, imeshika kama kupe, naye akaona kwa kuwa inashika hivyo itakuwa msingi mzuri. Akafunika vioo, taa na matairi kwa magazeti na utepe wa gundi, akaazima kompresa ya upepo kwa jirani yake Mashimba aliyekuwa akiziba pancha, akatundika turubai nyuma ya nyumba.

Mkono wa kwanza wa rangi ulitoka vizuri hata Ursula akaja kusimama na mwiko mkononi. "Hee," akasema. "Kumbe unaweza." Gabriel alikuwa na kitambaa puani na furaha kifuani. Akasubiri kidogo, akapuliza mkono wa pili, mzito zaidi. Akarudi nyuma kutazama.

Boneti ilianza kujikunja. Kwanza sehemu ndogo kama kiganja, kisha mikunjo ikatambaa, ikapanda, ikashika milango, kama utando wa juu ya maziwa ukiguswa na kijiko. Tina ilikuwa imepenya mpaka kwenye rangi ya geti, nayo rangi ya geti ilikuwa imevimba na kuamka kama kitu kilichokuwa kimelala. Gabriel alijaribu kuigusa kwa kidole. Ikatoka yote, nyekundu juu, kijani chini, ikaning'inia.

Jioni hiyo Matrida alipiga simu. "Vipi, tunakwenda lini?"

"Baada ya Pasaka, dada. Jumapili baada ya Pasaka. Kuna kitu kidogo kimeniharibikia."

"Haya, baba. Mimi nipo."

Kitu kidogo hicho kilimla mwezi mzima. Ilibidi akwangue gari lote mpaka bati, kwa kisu cha puti na msasa mkavu, huku vumbi la kijani likimwingia puani na kwenye chakula. Pasaka ikapita akiwa amebakiza mlango mmoja na paa. Jumapili ile aliyoisema ilimkuta juu ya kigoda, anakwangua paa, na hata hakukumbuka kwamba ni Jumapili yenyewe.

Alikumbuka Jumatatu. Alipopiga simu alipokea Naomi, binti wa Matrida.

"Mjomba, mama alikusubiri jana," Naomi alisema. "Aliamka mapema, akachemsha viazi vya njiani, akavaa kitenge chake kile kipya. Amekaa barazani mpaka watu wanatoka ibada ya pili. Nikamwambia nikupigie, akasema acha, anaendesha, usimpigie mtu anaendesha."

"Mpe simu," Gabriel alisema.

Matrida alipokuja alikuwa hana hasira. Hiyo ndiyo iliyomuuma. "Si kitu, mdogo wangu. Viazi tumekula. Wewe malizia kazi yako uje."

Angeweza kwenda siku ile ile. Gari lilikuwa linatembea. Lilikuwa bati tupu na mabaka ya puti, lakini linatembea. Ursula alimwambia hivyo hivyo, safari hii kwa sauti ya chini, na sauti hiyo Gabriel aliijua kuwa ni mbaya kuliko ya juu. Akajibu kwamba amebakiza kidogo mno kuacha njiani. Mtu hawezi kumchukua dada yake kwa gari lililochunwa ngozi.

Kisha masika yakashika. Gabriel akapaka praima, ile rangi ya msingi, akapuliza rangi kati ya mvua na mvua, akifukuzana na mawingu. Ilikauka haraka kama Scholastika alivyoahidi, ila ilikauka na ukungu mweupe juu yake, kama kioo kilichopumuliwa. Akasugua, ukungu ukabaki. Mashimba alikuja akatazama, akasema unyevu umenaswa ndani ya rangi, angoje jua la kweli. Gabriel akangoja. Matrida alipiga simu akasema huko kwao mvua imepungua. Gabriel akamwambia huku Bunda bado. Matrida akasema haya.

Mwezi wa sita jua lilitulia. Gabriel alipuliza upya, nyepesi nyepesi, mkono juu ya mkono, na safari hii rangi ilitulia. Asubuhi moja alianza kuisugua kwa polishi, na boneti ikaanza kumrudishia uso wake. Alijiona humo, mwekundu kidogo, na nyuma yake mbingu na paa la jiko. Alikuwa amekusudia kumpigia dada yake simu mchana huo amwambie ajiandae. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili wangekwenda.

Simu ikaita yenyewe. Alikuwa Naomi, na alikuwa analia.

"Mjomba, mama ameanguka. Mdomo umekwenda upande. Tunamweka kwenye gari ya jirani, tunakimbia Musoma."

Gabriel alichana magazeti ya kioo cha mbele kwa mikono. Ya vioo vingine hakuyakumbuka. Alitoka Bunda na gari lake jipya la damu ya mzee, magazeti yakipepea ubavuni, utepe wa gundi ukiwa bado umezunguka taa, na watu wa kituo cha basi wakageuka kumtazama. Hakuna aliyecheka. Au kama walicheka, hakuwasikia.

Alimkuta wodini, amelazwa ubavu. Jicho moja lilimwona na likajaa maji. Matrida alifungua mdomo, akahangaika, na kilichotoka kilikuwa neno moja.

"Haya," alisema. "Haya. Haya."

Daktari alieleza kwa upole kwamba damu ilikuwa imeziba mshipa kichwani. Mguu ungeweza kurudi kidogo kidogo kwa mazoezi. Maneno, alisema, ni vigumu kujua. Anasikia, anaelewa mengi, anawajua ninyi wote. Ila njia ya kutoka imefungwa.

"Mpaka lini?" Gabriel aliuliza.

"Tumwombe Mungu, mzee wangu," daktari alisema.

Mguu ulirudi, nusu. Msimu wa pamba ukaanza, Gabriel akawa kwenye lori, lakini kila siku ya mapumziko alikuwa Butiama. Alimshika dada yake mkono wakizunguka uani, akamlisha uji, akamchana nywele vibaya mpaka Naomi akamnyang'anya kitana. Siku moja alimvuta Naomi pembeni ya nyumba.

"Hakukwambia kitu? Habari za bibi yako? Alikozikwa?"

Naomi akatikisa kichwa. "Nilimuuliza, mjomba, si mara moja. Alikuwaga anasema kwanza asikie Gabriel, ninyi wengine baadaye."

Mwezi wa nane, walipoona Matrida anaweza kukaa bila kushikwa, walimpeleka Suguti. Gabriel aliendesha polepole barabara ya Majita, Matrida mbele, Naomi nyuma na mito ya kumwegemeza. Kitenge kilikuwa kile kipya. Vumbi lilikuwa limelifunika gari lote. Karibu na kifuniko cha tangi kulikuwa na doa lililoteremka kama ulimi. Siku ile ya kukimbilia hospitali alijaza mafuta kwa haraka, petroli ikamwagika ikala rangi. Hakuwa amelirekebisha.

Mseti alitoka nyumbani kwake akivaa shati njiani. Alikuwa mtu mzima, mvi kichwani, mwenye haya. Hakulitazama gari. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika Matrida mkono uliopooza.

"Dada," alisema. "Baba alikufa akilitaja jina lako. Tulikuwa tunaogopa kuja kwenu. Tulisema mtatufukuza."

Matrida alimtazama. "Haya," akasema taratibu, na mkono wake mzima ukaenda kichwani kwa Mseti ukakaa pale.

Gabriel aligeuka akatazama ziwa kwa mbali.

Mseti alieleza kwamba mji wa zamani haukuwa pale alipojenga yeye. Ulikuwa bondeni, na sasa palikuwa shamba. Wakashuka na gari mpaka linapofika. Mbele yao palikuwa na mihogo, mihogo inayomfika mtu kifuani, na baada ya mihogo matuta ya viazi, na baada ya matuta mihogo tena. Hakukuwa na jiwe, wala mti uliopandwa, wala mwinuko wa kaburi.

"Sisi tulikuta hivi hivi," Mseti alisema. "Baba hakutuonyesha. Nadhani aliona aibu kutuonyesha."

Wakaufungua mlango, wakamgeuza Matrida aangalie shamba. Alitazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inafanya kazi. Kisha mkono wa kushoto ukainuka, ukaonyesha mbele.

Gabriel aliingia mihogoni. Akatembea, akasimama, akapaza sauti.

"Hapa, dada?"

"Haya!"

Moyo ukamruka. Lakini alipogeuka kumtazama aliona mkono bado unasukuma hewa, kama anayemwambia aendelee, au kama anayemwambia arudi. Akasogea.

"Hapa?"

"Haya!"

Akaenda upande wa matuta. "Au hapa? Dada, hapa?"

"Haya, haya, haya!" Matrida sasa alikuwa anapiga mlango wa gari kwa kiganja. Uso ulikuwa umekunjamana, machozi yanamwingia mdomoni. Alijua. Kila mtu aliyesimama pale aliona kwamba anajua, mahali penyewe, pengine mpaka tuta lenyewe. Naomi alimkumbatia kutoka nyuma, akambembeleza, "Basi, mama. Basi, inatosha." Gabriel alibaki katikati ya mihogo na viatu vyake vya safari, hajui akanyage wapi, akiogopa kwamba popote atakapokanyaga ndipo.

Mwishowe alichuchumaa pale pale alipokuwa, akaweka kiganja chini. Alitaka kusali, akashindwa kujua amwite mama yake kwa neno gani. Akasema tu, "Nimechelewa." Udongo ulikuwa na joto.

Mke wa Mseti aliwapikia sato na ugali wa mtama, wakala wote chini ya paa la jiko. Mseti alisema angeacha kipande kimoja kisilimwe, kwa heshima, lakini kipi? Walizungumza hilo kidogo wakaliacha. Watoto wa nyumba ile walimzunguka Matrida, mmoja akalala mapajani kwake. Hakuna aliyeuliza habari za gari mpaka wanaondoka, ndipo Mseti akapitisha mkono kwenye boneti kwa adabu ya mwenyeji akasema, "Mna gari nzuri."

"Ni la kawaida tu," Gabriel alisema.

Njiani kurudi Matrida alilala. Gabriel alizima redio.

Tangu siku hiyo ameendelea kwenda Butiama. Anamkalisha dada yake barazani, anavuta kiti, na kama Naomi yuko mbali jikoni anajaribu bahati yake. Juzi alimuuliza, "Dada, mama alikuwa mrefu?"

"Haya."

"Au alikuwa mfupi?"

"Haya."

Wakatazamana. Matrida ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chake kile cha upande mmoja, na Gabriel akacheka naye mpaka wakashikana mabega. Kisha kicheko cha Matrida kikabadilika. Akaushika uso wa mdogo wake kwa mkono wake mzima, akapitisha kidole gumba kwenye paji lake, kwenye pua, akashuka kwenye kidevu, akakaa hapo, akimtazama kwa makini.

Gabriel alitulia ili ashikwe, na hadi leo hajui kama dada yake alikuwa anamwonyesha sura ya mama yao, au alikuwa anamsamehe tu.